Mutoto alichanjwa, juu ya nini bado anapata palu? Kidudu kimoja, sura nyingi

Kila mahali chanjo ya malaria inapofika, swali moja linakuja nyuma yake: «Mutoto alipigwa shindano zote, juu ya nini bado anapata palu?» Wengine wanajibu haraka: chanjo ni ya uongo. Wengine wanasema muganga alikosea, ao dawa iliharibika na jua njiani. Mara nyingi jibu haliko pale. Liko kwa kimelea chenyewe, kile kidudu kidogo ambacho mbu anaingiza katika damu. Jina lake ni moja, Plasmodium falciparum, lakini sura zake ni nyingi sana. Mwili ukijifunza kutambua sura moja, haimaanishi utatambua zote.

Tunaomba wasomaji wetu wachukue muda na jambo hili. Mama akielewa namna kidudu kinavyobadilisha sura, hatakataa chanjo kwa sababu ya homa moja, na tena hatabaki nyumbani na mtoto mwenye homa kwa sababu tu alichanjwa. Makosa yote mawili yanaua.

Mzigo wa Kongo

Ripoti ya OMS iliyotoka mwaka 2024 inahesabu wagonjwa milioni 263 wa malaria duniani katika mwaka 2023, na vifo 597 000. Kongo peke yake ilibeba karibu 13 % ya wagonjwa hao. Ni Nigeria tu inayotupita. Na katika Afrika, karibu vifo 3 kwa 4 ni vya watoto wenye chini ya miaka 5.

Mwisho wa Oktoba 2024 nchi yetu ilianza kutoa chanjo inayoitwa R21, ikianzia Kongo Central. Mpango ni kuipanua kwa awamu, si nchi nzima kwa siku moja. Jirani yetu Uganda ilianza Aprili 2025. Familia za Aru, Mahagi, Kasindi na Bunagana ziko na ndugu ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo habari za chanjo, nzuri na mbaya, zinavuka mbele ya chanjo yenyewe. Mama wa Bunia, Uvira ao Kalemie aulize kituo chake cha afya, sababu tarehe ya zone moja ya afya si tarehe ya zone nyingine.

Alama ambayo mwili unatafuta

Kinga ya mwili inafanya kazi sawa walinzi kwenye barrière. Hawawezi kumfungua kila mtu tumbo waone ana nia gani. Wanaangalia alama: nguo, kofia, kadi. Kwa kidudu pia ni vile. Alama ambazo mwili unaziona juu ya kidudu, wataalamu wanaziita antijeni. Mwili ukishaona alama fulani, unatengeneza silaha inayolingana na alama ile. Silaha hiyo inaitwa antikorpo. Kidudu kikirudi na alama ileile, antikorpo inakikamata. Kikirudi na alama nyingine, kinaweza kupita.

Surua iko na alama ambazo hazibadiliki sana. Njo maana mtu akiugua surua mara moja, kwa kawaida hairudi tena. Lakini nani kati yetu ameugua palu mara moja tu katika maisha yake? Tunaugua mara 10, mara 20, tangu utoto mpaka uzee. Sababu moja kubwa ni hii ya alama.

Tofauti hizo ziko za namna mbili, na ni vizuri kuzitenganisha. Namna ya kwanza ni tofauti kati ya ukoo mmoja wa kidudu na ukoo mwingine. Kidudu cha Kindu na kile cha Beni ni ndugu, lakini hawafanani kabisa, sawa watu wa familia moja wenye kadi zinazofanana na picha tofauti. Namna ya pili ni ujanja zaidi: kidudu kimoja, ndani ya mgonjwa mmoja, kinabadilisha nguo wakati ugonjwa unaendelea.

Koti 60 katika sanduku moja

Tuanze na ujanja huo wa pili. Kidudu kikiwa ndani ya chembe nyekundu ya damu, kinatoa nje protini inayoshika ukuta wa mishipa. Kinafanya vile ili kisipelekwe kwenye bandama, mahali mwili unasafisha damu. Protini hiyo njo inafanya palu kuwa mbaya sana, kwa sababu chembe zikishikamana katika mishipa ya ubongo, mtoto anaanza kutetemeka na kupoteza akili.

Lakini kwa kuonyesha protini ile nje, kidudu kinajionyesha pia kwa walinzi. Basi kimejitayarisha. Ndani ya urithi wake kiko na maagizo karibu 60 ya kutengeneza protini hiyo, kila agizo na sura yake. Kwa kawaida kila kidudu kinavaa koti moja kwa wakati mmoja. Mwili unachukua siku nyingi kutengeneza antikorpo ya koti ile. Ikiwa tayari, vidudu vingi vinakufa, lakini vichache vimekwisha kuvaa koti nyingine, na homa inarudi. Tena sanduku la koti 60 la ukoo mmoja si lile la ukoo mwingine. Ukihesabu koti zote zinazotembea katika mkoa mmoja tu, hutamaliza.

Hapa tunaelewa juu ya nini mtoto wa miaka 2 anakufa na palu, na baba yake, aliyeng'atwa na mbu uleule, anasikia kichwa kidogo tu na kwenda shamba. Baba si mwenye nguvu zaidi. Amekwisha kukutana na koti nyingi. Mwaka 1961 watafiti walionyesha jambo hili kule Gambia: walichukua antikorpo kutoka damu ya watu wazima, wakawapa watoto wagonjwa, na vidudu vikapunguka katika damu ya watoto wale. Kinga ya mtu mzima ni daftari refu la alama, lililoandikwa kwa miaka mingi ya kuugua.

Na daftari hilo linafutika pole pole. Mtu aliyekaa miaka katika nchi ya baridi akirudi kwao, palu inaweza kumlaza vibaya. Vilevile kwa ndugu zetu wanaokimbia vita. Familia iliyozaliwa kwenye milima ya Lubero, Masisi, ao Hauts-Plateaux ya Fizi na Uvira, mahali baridi inazuia mbu, ikishuka kwenye bonde la Ruzizi, Baraka ao msitu wa Walikale, inafika na daftari karibu tupu. Hata watu wazima wao wanaweza kuugua sawa watoto. Mwenye kupokea wahamiaji asiseme «palu ni kawaida, itapita». Kwake yeye ni kawaida. Kwa mgeni aliyetoka mlimani haiko kawaida.

Chanjo ilifuata sura gani?

Sasa turudi kwa chanjo. Chanjo mbili ambazo OMS imekubali, RTS,S mwaka 2021 na R21 mwaka 2023, hazipigani na zile koti 60. Zinalenga kidudu mbele zaidi, wakati mbu anakiingiza tu na kinakimbilia maini. Katika hatua hiyo kimefunikwa na protini inayoitwa CSP. Wazo ni zuri: umukamate mwizi kwenye mlango, mbele hajaingia ndani ya nyumba na kuanza kubadilisha nguo.

Lakini CSP pia inatofautiana kati ya ukoo na ukoo. Ili kutengeneza chanjo, ilibidi kuchagua picha moja. Waliochagua walichukua ukoo wa laboratware unaoitwa 3D7. Ukoo huo ulitoka kwa mgonjwa wa Uholanzi aliyekuwa anaishi karibu na uwanja wa ndege wa Amsterdam. Mbu ya kigeni, iliyosafiri na ndege, njo ilimng'ata pale. Wataalamu wanafikiri asili ya kidudu kile ni Afrika ya Magharibi. Kwa ufupi, picha iliyobandikwa kwenye barrière ni ya kidudu kimoja tu kati ya maelfu.

Mwaka 2015 watafiti waliangalia vidudu vya watoto waliokuwa katika majaribio ya RTS,S katika nchi kadhaa za Afrika. Walikuta kwamba vidudu vilivyofanana sawasawa na picha ya chanjo ni chini ya 10 %. Kwa watoto waliochanjwa wakiwa na miezi 5 mpaka 17, katika mwaka wa kwanza chanjo ilizuia palu karibu 50 % pale kidudu kilifanana na picha, na karibu 33 % pale hakikufanana. Kwa watoto wachanga zaidi, waliochanjwa wakiwa na wiki 6 mpaka 12, tofauti ile haikuonekana.

Tusome hesabu hizo kwa utulivu. Zinasema mambo mawili pamoja. La kwanza: kufanana kuna faida, na sura nyingi za kidudu zinapunguza nguvu ya chanjo. La pili: hata kidudu kisichofanana na picha, chanjo bado inakizuia kwa sehemu. Ni kwa sababu CSP iko na sehemu ya katikati inayojirudia-rudia na ambayo karibu koo zote zinaichangia, na sehemu ya mwisho inayobadilika zaidi. Mlinzi anaweza kukosa kutambua uso, lakini mkanda wa kiunoni anautambua.

R21 nayo inafuata picha ya ukoo uleule. Katika majaribio makubwa ya Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania, yaliyotangazwa mwaka 2024, ilipunguza palu kwa 75 % katika mwaka wa kwanza mahali palu inakuja kwa msimu, na 68 % mahali inakaa mwaka mzima. Sehemu kubwa ya mashariki yetu iko katika kundi la pili. Na pale Ghana, Kenya na Malawi, mahali RTS,S ilitolewa kwa watoto wengi tangu 2019, vifo vya watoto waliofikia umri wa kuchanjwa vilipunguka kwa 13 %. Kwa nchi inayozika watoto wengi sawa yetu, 13 % si hesabu ndogo.

Mfano wa Mali unaonyesha hatari ikiwa alama iliyochaguliwa inabadilika sana. Pale Bandiagara walijaribu chanjo nyingine iliyolenga protini AMA1. Matokeo yalitoka mwaka 2011: kwa jumla chanjo ilizuia karibu 17 % tu, hesabu ambayo haikutosha kusema inafanya kazi. Lakini kwa vidudu vilivyofanana na picha yake, ilifikia 64 %. Silaha ilikuwa kali. Adui ndiye alikuwa na sura nyingi kupita. Kwa sababu hiyo watafiti sasa wanatafuta alama ambazo kidudu hakiwezi kubadilisha bila kujiumiza. Moja inaitwa RH5. Jaribio la Burkina Faso lililotangazwa mwisho wa 2024 liliona 55 % ya kinga kwa miezi 6. Bado ni majaribio, lakini njia inaonekana.

Vidudu vya mashariki si vya magharibi

Hapa njo pana swali la siasa ya afya, na linatuhusu sisi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2020 juu ya urithi wa vidudu vya Kongo ulionyesha kwamba vile vya mashariki na vile vya magharibi vinatofautiana, zaidi katika alama za kushindana na dawa. Nchi yetu ni kubwa. Kidudu cha mashariki kinatembea na watu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania. Cha Matadi kina njia zake.

Tuseme wazi: alama za kushindana na dawa si antijeni. Kidudu kinaweza kuwa na sura mpya na bado kikafa na dawa, ao kuwa na sura tunayoijua na kukataa dawa. Lakini mambo yote mawili yanatufundisha kitu kimoja. Matokeo ya chanjo katika Kongo Central hayatoshi kutuambia itafanya nini Ituri, Maniema ao Tanganyika. Tutajua tu ikiwa damu za wagonjwa wa huku zinapimwa pia, mwaka kwa mwaka, mbele na nyuma ya chanjo. Kazi hiyo inaomba barabara, umeme, friji, watu waliosoma na feza. Vita vimeharibu mengi ya hayo, na tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha sehemu kubwa ya misaada yake, programu za malaria zimepata pigo lingine. Watu wakisema juu ya chanjo, wanahesabu chupa. Waulizwe pia: nani anafuata vidudu vya mashariki, na matokeo yanarudi kwa nani?

Hata TDR inatafuta alama

Kile kipimo cha haraka, TDR, ambacho muganga anatoboa kidole na kungoja dakika 15 ao 20, nacho kinatafuta alama. TDR nyingi zetu zinatafuta antijeni inayoitwa HRP2. Mwaka 2010, katika Peru, vilipatikana vidudu ambavyo vimepoteza kabisa HRP2. TDR inasema hakuna palu, na mgonjwa anayo. Baadaye shida hiyo ilikuwa kubwa Eritrea mpaka mwaka 2016 nchi ikabadilisha TDR zake. OMS inashauri nchi kubadilisha kipimo ikiwa vidudu hivyo vinapita 5 % na kufanya TDR zidanganye.

Kwetu habari iko nzuri kwa sasa: uchunguzi uliotolewa mwaka 2021, uliofanywa kwa wagonjwa wa vituo vya afya vya Kinshasa, Bas-Uele na Sud-Kivu, haukukuta vidudu vya namna hiyo. Lakini vidudu havikai mahali pamoja, na jibu la 2021 si jibu la milele. Tena kuna jambo la kinyume ambalo linaleta fujo katika familia: HRP2 inaweza kubaki katika damu wiki kadhaa nyuma ya mtu kupona. TDR ikiwa positif siku chache nyuma ya dawa, si lazima dawa imeshindwa. Mgonjwa asiende pharmacie kununua kinini zingine kwa kichwa chake. Aombe goutte épaisse.

Mimba ya kwanza

Kati ya zile koti, iko moja ambayo inashika kondo la nyuma la mama mwenye mimba. Mama anaweza kuwa amezaliwa na kukomalia Shabunda, akajenga kinga ya miaka 20, lakini koti hiyo hajawahi kukutana nayo, kwa sababu mwili wake haukuwa na kondo. Njo maana mimba ya kwanza iko na hatari zaidi, na mtoto anazaliwa na kilo ndogo. Chanjo za kulenga koti hiyo zimeanza kujaribiwa kwa watu, na shida ikawa ileile: antikorpo zilitambua zaidi ukoo uliowekwa katika chanjo. Mpaka pale jibu litapatikana, silaha ni CPN, kinini za kukinga mimba na kulala chini ya chandarua.

Tubaki na nini?

Mtoto aliyechanjwa anaweza kupata palu. Haimaanishi alidanganywa. Kinga yake ni kubwa katika miezi ya kwanza, halafu inapunguka, njo sababu shindano ya 4 katika mwaka wa pili si ya kuacha. Wazazi wengi watakuja kwa 3 za kwanza na kusahau ile ya mwisho. RECO na wapokezi wa CPS wafuate hapo.

Homa ikishika mtoto, aliyechanjwa ao asiyechanjwa, apelekwe kupimwa siku ileile. Akitetemeka, akikataa kunyonya, akilala bila kuamka vizuri, hata usiku usingoje asubuhi kama njia inaruhusu.

Chandarua (moustiquaire) haiulizi kidudu kiko na sura gani. Inazuia mbu, na koo zote zinabaki inje pamoja. Vivyo hivyo kuondoa maji yanayolala karibu na nyumba. Katika vita na adui mwenye koti 60, tusiache silaha hata moja ambayo haiangalii koti.

Na kwa viongozi wa afya wa mikoa yetu: mwambie watu ukweli mbele ya shindano ya kwanza. Semeni chanjo inapunguza palu, haimalizi. Mama aliyeambiwa nusu ya ukweli, homa ya kwanza itamgeuza adui wa chanjo zote, hata ile ya surua. Mama aliyeambiwa ukweli wote atarudi kwa shindano ya 4.